Kishikwambi kimoja, watoto 80: namna ya kukitumia kwa asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri na anayesoma kwa shida

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 nchini Tanzania viligawiwa kwa walimu baada ya kazi ile kuisha. Vingi sasa hutumika kuandaa masomo na kutuma taarifa. Ndani ya kifaa hicho hicho kuna zana za kukuza maandishi, kusoma kwa sauti na kuandika yanayosemwa. Zana hizo ni za bure, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuziwasha.

Mwongozo huu unamhusu mwalimu wa shule ya msingi ya kawaida: darasa la watoto 60, 80 au zaidi, kishikwambi au simu moja ya Android, spika ndogo, na intaneti ya bando. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyotokea kwenye kioo. Vifaa hutofautiana, kwa hiyo usipoiona menyu mahali tulipoitaja, andika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Settings.

Kwanza jua kilichomkwamisha mtoto

Kosa kubwa ni kuanza na kifaa. Mwalimu anapakua programu kumi, halafu anatafuta mtoto wa kumpa. Anza na mtoto. Mtoto anayeitwa mzito darasani anaweza kuwa haoni ubao, hasikii maelezo, au hajajua kusoma, na kila tatizo lina dawa yake. Jaribio lifuatalo halizidi dakika kumi kwa kikundi cha watoto sita.

Andika maneno matano ubaoni. Mtoto ayanakili akiwa mahali anapokaa siku zote, kisha ayanakili tena akiwa mita moja na nusu kutoka ubaoni. Akikosea akiwa mbali na kupatia akiwa karibu, shaka iende kwenye macho. Halafu tamka maneno matano mengine, mtoto akikutazama usoni, naye ayarudie kwa mdomo. Tamka matano mengine tena huku umefunika mdomo kwa daftari. Akipatia alipokuona midomo na kukosea ulipoifunika, shaka iende kwenye masikio. Akipatia yote kwa mdomo lakini hawezi kuyasoma yakiwa yameandikwa makubwa mbele yake, shida iko kwenye usomaji, au Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao.

Jaribio hili halitoi jibu la daktari. Mwenye shaka ya macho au masikio apelekwe zahanati au hospitali mapema, maana nta iliyoziba sikio husafishwa, sikio linalotoa usaha hutibiwa, na macho ya watoto wengi hutengemaa kwa miwani tu. Ni dhulma kumkuzia mtoto maandishi mwaka mzima wakati alichohitaji ni miwani.

Andaa kifaa nyumbani, si mbele ya darasa

Sauti ya Kiswahili ndiyo ya kushughulikia kwanza, kwa sababu inahitaji intaneti mara moja tu. Fungua Settings, tafuta Text-to-speech output, na kwenye Preferred engine chagua Speech Services by Google (vifaa vingine huiita Speech Recognition & Synthesis). Gonga alama ya gia iliyo pembeni, kisha Install voice data, kisha Swahili, na usubiri ishuke. Rudi nyuma, weka Language kuwa Swahili, punguza Speech rate kidogo, gonga Play usikilize. Sasa zima intaneti kabisa na ugonge Play tena. Ikinyamaza, au ikirudi kwenye Kiingereza, faili la sauti halikushuka lote. Ukiruka jaribio hili la mwisho utaumbuka darasani.

Lugha ikibaki kuwa Kiingereza, kifaa kitasoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na mtoto hataambulia neno. Walimu wengi huishia hapo wakidhani kifaa hakijui Kiswahili.

Kisha nenda Settings, Accessibility, uwashe njia za mkato za zana mbili. Select to Speak husoma maandishi unayoyagusa. Magnification hukuza kioo. Zote mbili zitaweka kitufe kidogo pembeni au chini ya kioo. TalkBack ni ya mtoto asiyeona kabisa, na ina tabia ya kushtua: ikishawaka, kugonga mara moja hakufungui kitu, kunataja tu jina la ulichokigusa. Kufungua ni kugonga mara mbili, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Jifunze kuizima kabla hujaiwasha: bonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja, ushikilie sekunde tatu. Hakikisha njia hiyo ya mkato imewashwa ndani ya menyu ya TalkBack, la sivyo utahangaika na kioo kisichokutii.

Mwisho, fungia mtoto ndani ya programu moja. Kwenye Settings, Security, washa App pinning (vifaa vingine huiita Screen pinning) na uweke sharti la namba ya siri kabla ya kutoka. Washa pia hali ya ndegeni. Hapo mtoto hataingia kwenye ujumbe wako binafsi, na simu haitaita katikati ya hadithi.

Mtoto mwenye uoni hafifu

Njia inayoleta mabadiliko ya haraka haihitaji programu yoyote. Andika ubaoni, piga picha ya ubao, mpe mtoto kishikwambi aikuze kwa vidole viwili. Anabaki kwenye dawati lake, na rafiki zake, na somo lile lile.

Ili picha isomeke, futa lenzi kwanza, kwani vumbi la chaki hutengeneza ukungu. Simama mbele ya ubao, usipige ukiwa upande, na kama dirisha linaung'arisha ubao, sogea hatua mbili mpaka mng'ao uondoke. Ubao mrefu upige vipande viwili au vitatu. Picha moja ya ubao wote hufanya herufi ziwe ndogo, na mtoto akizikuza zinachanikachanika. Tumia chaki nyeupe au ya njano. Nyekundu na bluu kwenye ubao mweusi hupotea, hata kwa wanaoona vizuri.

Kuhusu ukubwa wa herufi za ubaoni, kanuni ya wachora mabango inafaa: sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Mtoto aliye mita 6 anahitaji herufi za sentimita 5, na hapo ni mtoto mwenye macho mazuri. Pima herufi zako kwa rula leo. Nyingi zitakutwa ni nusu ya hiyo.

Kwa maandishi marefu picha haifai, kwa sababu mtoto akiikuza sana anapoteza mstari na hajui pa kuendelea. Yachape. Weka ukubwa wa 18 kwenda juu, herufi zisizo na vikia, nafasi ya mstari moja na nusu, maandishi yapangwe kushoto. Usitumie herufi za mlazo (italiki), wala usiandike kila kitu kwa herufi kubwa. Ukiweza, hifadhi kama EPUB badala ya PDF. Ukikuza PDF, ukurasa hutoka nje ya kioo na mtoto hulazimika kusogeza kushoto na kulia kwa kila mstari. EPUB hujipanga upya ndani ya kioo kila unapoongeza ukubwa. Hii ni tofauti ndogo kwenye jina la faili, lakini kwa mtoto ndiyo inayoamua kama atamaliza ukurasa au atakata tamaa.

Mtoto mwenye ualbino anahitaji uangalifu wa namna nyingine. Macho yake huumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo usimwongezee mwangaza wa kioo ukidhani unamsaidia. Upunguze, kisha jaribu Color inversion iliyo ndani ya Accessibility, ambayo huweka maandishi meupe kwenye weusi. Muulize lipi linampumzisha. Wapo wanaopenda na wapo wasiopenda. Asikae akitazama dirisha. Asikae pia akilipa mgongo, kwani mwanga utapiga kwenye kioo na kurudi machoni. Dirisha liwe ubavuni. Kofia yake ya ukingo mpana asivuliwe darasani kwa kisingizio cha nidhamu, maana inampunguzia mwanga unaotoka juu.

Asiyeona kabisa aendelee na breli. Sauti itampa hadithi na maarifa, lakini haitamfundisha tahajia wala haitamwonyesha sentensi inavyokaa. TalkBack ni nyongeza.

Anayesoma kwa shida

Hapa kishikwambi hufanya kazi kubwa kuliko pengine pote, kwa sababu watoto hawa ndio wengi.

Tafuta matini ya kiwango chake, si ya darasa lake. African Storybook ina hadithi fupi zilizopangwa kwa viwango, kuanzia maneno machache kwa ukurasa hadi aya ndefu, kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapa na hata kutafsiri. Kwa vitabu vya kiada, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yake. Faili lolote la PDF, kabla ya kulitegemea, lipime hivi: bonyeza neno moja na ushikilie. Likijichagua kwa rangi, kifaa kitaweza kulisoma. Lisipochagulika, ukurasa ule ni picha tu, na Select to Speak inaweza kukaa kimya. Hapo itumie Google Lens kutoa maandishi kwenye picha, kisha uyasome yote na kuyasahihisha kabla mtoto hajayaona.

Kwa darasa la kwanza na la pili, rekodi sauti yako mwenyewe. Sauti ya mashine haipandi wala haishuki panapostahili, na mtoto anayeanza hufuata mkondo wa sauti kabla ya kufuata herufi. Namna ya kurekodi:

1. Tafuta chumba chenye nguo, mapazia au magodoro. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji hurudisha mwangwi. Mvua ikinyesha juu ya bati, ahirisha.
2. Weka kifaa juu ya daftari au kitambaa, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili pumzi isipige kwenye maiki.
3. Taja ukurasa. Soma polepole bila kukatakata silabi, na nyamaza sekunde mbili kila mwisho wa sentensi.
4. Faili moja lisizidi dakika tano. Lipe jina linalojieleza, kama KISW-D2-HADITHI04, maana ukiwa na mafaili 30 yenye majina ya tarehe hutapata kitu.

Nafasi isikutishe. MP3 ya chaneli moja yenye kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu nusu megabaiti kwa dakika, hivyo gigabaiti moja kwenye memori kadi inabeba zaidi ya saa 30 za masomo.

Darasani, kikundi kisikilize mara nne. Mara ya kwanza wasikilize tu, matini mbele yao. Ya pili wafuate kwa kidole chini ya kila neno. Ya tatu wasome pamoja na sauti, ukiwa umeipunguza. Ya nne wasome bila sauti. Mtego upo hapa: mtoto mwenye kumbukumbu kali atakariri hadithi nzima na kuitiririsha bila kusoma herufi hata moja. Mkamate kwa upole. Onyesha neno katikati ya ukurasa, kisha lingine juu, kisha lingine chini. Akikwama, bado anakariri, na arudi kwenye hatua ya kufuata kwa kidole.

Ukitumia sauti ya mashine kwa wakubwa, andika kwa maneno vifupisho kama sm na n.k., pamoja na sehemu kama 3/4. Mashine huvisoma ovyo na kumchanganya msikilizaji.

Kiziwi na mwenye usikivu hafifu

Hawa ni watoto wa namna mbili, na kuwachanganya ndiko kunakoharibu.

Mwenye usikivu hafifu anahitaji sauti iliyo karibu na uso unaoonekana. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hushuka desibeli 6, na ndani ya darasa lenye bati na kelele, mwangwi huongeza tatizo. Kwa hiyo spika isikae mbele kwa mwalimu. Iweke mita moja au mbili kutoka kwa mtoto, kwa sauti ya wastani. Spika ndogo ikifunguliwa mpaka mwisho hukwaruza, na mkwaruzo ule hula konsonanti, yaani sehemu ile ile ya neno ambayo mtoto huyu huikosa. Usiseme ukiwa umegeukia ubao, na usisimame mbele ya dirisha, kwa sababu uso wako unakuwa kivuli.

Kiziwi anayetumia lugha ya alama anahitaji picha zinazotembea. Programu ya Live Transcribe huandika Kiswahili kinachosemwa, na inasaidia kijana aliyekwisha kusoma vizuri, mradi intaneti ipo na maiki iko karibu na mdomo wa msemaji. Maiki ya waya iliyobanwa kwenye kola ni bora kuliko kuacha kifaa mezani. Lakini kwa mtoto kiziwi wa darasa la tatu, ambaye Kiswahili cha maandishi bado anajifunza kama lugha ya pili, mistari ile inayokimbia haimpi kitu. Isitumiwe kama sababu ya kumnyima mkalimani au mwalimu wa alama.

Kinachomfaa ni video fupi za msamiati wa mada, kwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Usichukue video za Marekani mtandaoni. Alama zao ni nyingine. Mwombe mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kwa mfano aliyepitia Chuo cha Ualimu Patandi huko Arusha, au mtu mzima kiziwi wa eneo lenu, awaonyeshee. Mpige video kishikwambi kikiwa kimeshikwa kwa ulalo, si kwa wima, kuanzia kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa, viwiko vyote vikionekana hata akitanua mikono. Ukuta wa nyuma usiwe na michoro, nguo iwe na rangi tofauti na ngozi yake, na mwanga utoke nyuma ya mpigaji. Video moja ibebe neno moja: picha ya kitu, alama yake, neno lililoandikwa, kisha sentensi fupi. Sekunde 10 hadi 15 zinatosha. Waonyeshe darasa zima, si kiziwi peke yake. Watoto hushika alama haraka sana, na mtoto aliyekuwa hana wa kuongea naye wakati wa mapumziko anapata wenzake.

Hedifoni zitumike zile zinazofunika sikio kwa nje, zikifutwa kwa kitambaa chenye spiriti kila zinapobadilisha mtoto. Zile za kuchomeka sikioni zisichangiwe hata kidogo. Mtoto anayetoka usaha asivalishwe, apelekwe zahanati.

Kugawa kifaa kimoja

Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi: dakika 10 za kufundisha wote, dakika 22 za kazi za vikundi, dakika 8 za kusahihisha pamoja. Kishikwambi kikae na kikundi kimoja tu kwa dakika hizo 22. Kukizungusha kila dakika nne kunaishia kwenye vurugu. Kikundi kiwe cha watoto sita, na ndani yake wawemo wawili wasio na shida, mmoja akiwa mshika kifaa kwa siku hiyo. Kikundi cha wenye shida tupu kitapewa jina la kejeli kabla wiki haijaisha.

Wenye uhitaji mkubwa wapate zamu tatu kwa wiki, wengine moja kwa wiki mbili. Wazazi au wanafunzi wakilalamika kwamba hakuna usawa, waeleze wazi kwamba picha ya ubao kwa asiyeona vizuri ni sawa na kiti cha mbele kwa mfupi.

Kwa mwenye usonji au ulemavu wa akili, tengeneza ratiba ya picha: piga picha nne au tano za hatua halisi za hapo darasani, kama kuchukua daftari, kukaa, kuandika, kuweka daftari, kwenda nje. Picha za mahali pake humwingia kuliko michoro ya mtandaoni. Ukitumia saa ya kuhesabu muda, zima kengele yake, kwani mlio wa ghafla unaweza kumvuruga kwa siku nzima.

Picha na video za watoto zibaki kwenye kifaa. Zisiende kwenye makundi ya WhatsApp, na usirekodi mtoto bila ridhaa ya mzazi.

Umeme, vumbi, na daftari la mipangilio

Pawabenki ya mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) haitoi zote. Karibu theluthi hupotea njiani. Kwa betri ya kishikwambi ya mAh 5,000 au 6,000, hesabu chaji moja kamili na si mbili. Chaji usiku, fika asubuhi kifaa kikiwa kimejaa, na punguza mwangaza wa kioo, kwani ndio unaokula betri kuliko kitu kingine. Tundu la chaja likikataa, mara nyingi ni vumbi la chaki lililoshindiliwa humo. Zima kifaa, ulikwangue taratibu kwa kijiti kikavu cha kuchokolea meno. Sindano au pini itaharibu vichuma vya ndani.

Kila wiki nne, mpe mtoto aya asiyoijua ya kiwango chake, asome dakika moja, uhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Andika namba hiyo. Isipopanda kwa miezi miwili, badilisha njia, usibadilishe mtoto. Kwenye ukurasa huo huo wa daftari andika anakokaa, ukubwa wa herufi unaomfaa, rangi ya kioo, kasi ya sauti, upande wa sikio linalosikia vizuri zaidi, na jina la rafiki anayefanya naye kazi vizuri. Mtoto akipanda darasa mwezi Januari, nakala ya ukurasa huo ikabidhiwe kwa mwalimu anayempokea kabla ya siku ya kwanza ya masomo.